Asilimia Nane za Kuogopa

Daktari wa mume wangu aliupenda ukuta wake kuliko alivyowapenda wagonjwa. Kwenye ukuta huo, nyuma ya meza, alibandika karatasi kubwa yenye mstari mwekundu, na kila aliyeingia alionyeshwa mstari kabla ya kuonyeshwa kiti. Mstari ukishuka, wagonjwa wanapona. Ukipanda, wamezidiwa. Sisi jamaa tuliokuwa tukingoja kwenye benchi la nje tulimwita Daktari Asilimia. Sidhani kama alijua, maana masikio yake yaliumbiwa tarakimu tu.

Mume wangu ni kinyozi, na si kinyozi wa kubahatisha. Watu walikuwa wanawapita vinyozi wengine waliokaa bure milangoni mwao ili waje kungoja zamu kwake. Aliweza kuchonga ndevu za mtu anayecheka, na yeye ndiye aliyekuwa anamchekesha. Kisha akaanza kusikia sauti ya mwanamume asiyeonekana. Mwanzo ilinong'ona tu na yeye akawa ananyoa nayo hivyo hivyo bila kumwambia mtu. Baadaye ikapiga kelele. Ikamwambia wateja ni wapelelezi na kioo kinawasikiliza. Akafunika kioo kwa shuka. Mwisho wa yote akamwacha fundi bomba mmoja katikati ya kazi, upande mmoja wa kichwa umenyolewa na upande wa pili kichaka, akatoka mbio na mashine mkononi, waya unamfuata nyuma. Yule fundi bomba alikataa kumaliziwa na kinyozi mwingine, akazunguka mjini na nusu kichwa chake akidai haki. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi sikucheka, kwa sababu mimi ndiye niliyemkuta mume wangu amejibanza nyuma ya tangi la maji, analia kama mtoto aliyepotea.

Kwa hiyo asije mtu akanisingizia kwamba nasema dawa ni mbaya. Anayesema hivyo hajawahi kumtoa mtu nyuma ya tangi la maji. Sindano na vidonge vilimrudisha nyumbani, na sauti ikakoma. Lakini walimtupa jongoo na mti wake. Sauti ilipoondoka iliondoka na mikono. Mikono ilibaki imening'inia mabegani, sawa, lakini ilitetemeka tangu asubuhi hadi jioni, na mate yalimtoka pembeni mwa mdomo, na ukimwuliza neno ungeweza kufua shati ukalianika kabla hajakujibu. Ndevu zake mwenyewe zilimwota ovyo. Kinyozi hajinyoi, wahenga walisema, ila hawakusema habari za kinyozi asiyeweza kumnyoa mtu yeyote.

Kila mwezi tulikwenda kliniki kupimwa. Kupimwa kwenyewe ni kuulizwa maswali ya dodoso. Umesikia sauti ambazo wengine hawazisikii? Umegombana na mtu? Umetoka nyumbani bila kuaga? Unalala vizuri? Kila jibu lina alama zake, alama zinajumlishwa, na jumla inakwenda ukutani. Mume wangu hakusikia kitu, hakugombana na mtu kwa kuwa hakusema na mtu, hakutoka nyumbani kwa kuwa miguu ilimwia mizito, na usingizi ndio usiseme. Daktari Asilimia alikuwa akijumlisha huku anatabasamu. Kwa kipimo hicho hata kabati letu la nguo limepona. Halisikii sauti, haligombani na jirani, haliendi popote bila ruhusa, na linalala fofofo.

"Daktari," nilimwambia siku moja, "mikono yake."

"Mama, mikono haimo kwenye dodoso."

"Lakini imo mwilini mwake."

Akacheka kidogo, kile kicheko wanachofundishwa chuoni cha kuwachekea watu wasiosoma. "Tukianza kusikiliza kila kitu, mama, hatutapima chochote. Tunaangalia jumla. Jumla ni nzuri sana."

"Mpunguzie dawa kidogo tu, arudi kazini. Mwenye jengo ameshasema kiti kisipopata mtu mwezi ujao anampa kinyozi mwingine."

"Na sauti ikirudi utamkimbilia nani?"

Swali zuri, nakiri. Ningeliheshimu zaidi kama angeliuliza akimtazama mume wangu. Aliliuliza akiutazama ukuta, anaona mstari wake mwekundu unavyoinua kichwa.

Nyumbani nako kulikuwa na mpimaji. Mama mkwe wangu hupima watu kwa mashavu. Kila akija anamshika mwanawe kidevu, anamgeuza huku na huku, halafu anapiga vigelegele vidogo.

"Mwone mwanangu alivyonawiri! Amepona huyu, tena amepona kabisa."

"Amenawiri, mama, lakini hawezi kufunga kifungo cha shati."

"Vifungo utamfungia wewe. Mke ni wa nini?"

Nikavifunga. Mkwe ni mkwe. Lakini kila asubuhi nilipomaliza kuvifunga hivyo vifungo, mume wangu alikwenda dukani kwake akakaa kwenye benchi la wateja, akikitazama kiti chake cha kuzunguka. Hakukikalia. Hakukigusa. Nikimpelekea chakula mchana, kabla ya kurudi kwenye ndoo zangu za sabuni ya maji ninayouza, namkuta pale pale, mikono ameikalia ili isionekane. Mwanamume aliyekuwa akichekesha mtaa mzima amekalia mikono yake mwenyewe! Nilikuwa nikirudi njia nzima naongea peke yangu kwa hasira, na nashukuru hakuna aliyenipeleka kupimwa.

Sasa nieleze habari ya benchi, maana bila benchi hamtaelewa kliniki ile ilivyopata sifa.

Pale nje palikuwa na bibi mmoja mgonjwa wa siku nyingi, aliyekuwa mpiga chapa ofisini enzi zake. Tulimwita Bibi Mitihani. Yeye aliendesha tuisheni. Mgonjwa mpya akifika, anamketisha karibu, anamfundisha majibu.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Ukisema unasikia, wanaongeza dawa. Ukisema husikii, unakwenda zako nyumbani. Na usiseme 'kidogo'. Hilo 'kidogo' ndilo lililoniponza mimi, nikalala siku nzima kama gogo. Maswali matano ya kwanza sema hapana. Matatu yanayofuata sema ndiyo. La mwisho sema unamshukuru daktari."

Na wao wakakariri, wazee kwa vijana, wanarudia midomo ikichezacheza. Wengine walikuwa na nafuu ya kweli, wengine walikuwa na moto kichwani, lakini wote wakaingia chumbani na majibu yale yale, na mstari wa ukutani ukaporomoka vizuri mno. Daktari Asilimia akaamini ni kazi yake. Akawaandikia wakubwa. Wakubwa wakasema wanakuja kuona.

Mume wangu hakuwahi kusoma tuisheni. Bibi Mitihani alijaribu, lakini yeye alimtazama tu, na baada ya muda akasema, "Mimi sisikii kweli, bibi." Ndivyo alivyokuwa tangu namjua. Alikuwa mtani mkubwa, lakini uongo hakuuweza, hata ule wa kumsifu mteja mwenye kichwa kibaya.

Wiki ya wageni, makao makuu yakaleta dodoso jipya. Maswali yalikuwa yale yale, isipokuwa mwenye akili mmoja huko juu alikuwa ameyapanga upya. Hakuna aliyeliambia benchi. Asubuhi hiyo niliketi karibu na mlango na nilisikia baadhi yake kwa masikio yangu.

"Unalala vizuri?"

"Hapana, daktari. Hata kidogo!"

"Unakula?"

"Hapana."

"Unaelewana na watu wa nyumbani?"

"Hapana, hapana kabisa."

"Umewahi kufikiria kumdhuru mtu?"

"Ndiyo, daktari. Kila siku."

"Unasikia sauti?"

"Ndiyo. Nakushukuru sana, daktari."

Hivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine, wote wanatoka wakiwa na nyuso za watu waliofaulu. Kufikia saa sita kliniki nzima ilikuwa imezidiwa. Nilipochungulia, Daktari Asilimia alikuwa amesimama mbele ya ukuta wake, macho yamemtoka pima. Mtu mwingine angejiuliza kulikoni. Yeye hakujiuliza. Alichofanya ni kutoa lile dodoso la zamani kwenye droo, akawaita wote upya, akawauliza kwa mpango wa zamani, na kabla ya jioni wakawa wamepona. Sijawahi kuona tiba ya haraka namna ile.

Lakini alikuwa ameingiwa na woga. Wageni walitaka kumwona mgonjwa mmoja ana kwa ana, na watauliza kwa dodoso lao jipya. Nani asiyeyumba? Akatoka nje, akatembeza macho benchi zima, yakatua kwa mume wangu, yule asiyesoma tuisheni, anayejibu pole pole lakini sawasawa ukimpanga vyovyote.

"Huyu," akasema. "Kesho kutwa, mama, mje wote wawili. Avae vizuri."

Nilimvalisha vizuri. Nilimfunga vifungo vyote. Na ndani ya mkoba wangu nikatia kitambaa chake cheupe cha kufunika mabega ya mteja, kopo la poda, kishikio chake cha wembe, na wembe mpya ndani ya karatasi yake. Mlinzi wa getini alimpekua mume wangu mpaka soksini. Mimi alinisalimia tu, nikapita. Pale hawapekui jamaa, kwa sababu wanaamini mtu mzima wa akili hawezi kuja na wembe hospitalini.

Sikumwambia mume wangu. Nilijua angekataa.

Chumba kilikuwa kimepangwa viti nusu duara. Wageni walikuwa watano, na mkuu wao alikuwa mama mnene wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa mnyororo. Mama mkwe alikaa pembeni, amejitanda nguo yake nzuri, anang'aa. Alikuja kuona mashavu ya mwanawe yakitolewa ushahidi. Daktari Asilimia alisimama karibu na ukuta akaanza kuzungumza, na alizungumza kweli kweli, debe halivumi hivyo. Kisha akamwuliza mume wangu maswali, mume wangu akayajibu moja moja, na kati ya swali na jibu wageni walipata muda wa kutosha wa kukohoa na kutazama saa.

"Asilimia tisini na mbili," Daktari Asilimia akatangaza. "Huyu bwana alifika hapa hajitambui. Leo amepona kwa asilimia tisini na mbili."

Wakapiga makofi. Mama mkwe akapiga zaidi yao. Mume wangu akaikalia mikono yake.

Mkuu wa wageni akanigeukia. "Na mama mwenye nyumba anasemaje? Umefurahi?"

Nikasimama. 

"Mume wangu ni kinyozi," nikasema. "Daktari hapa ana ndevu nzuri, lakini naona chini ya shingo zimeanza kuota ovyo. Naomba akae hapa mbele, anyolewe na mtu aliyemponya."

Nikafungua mkoba, nikatandika kitambaa mezani, nikapanga vitu: poda, kishikio, wembe. Mlinzi aliyekuwa mlangoni nusura azimie.

"Mama, hapa si saluni," akasema Daktari Asilimia.

"Amepona kwa ngapi?"

"Nimeshasema. Tisini na mbili."

"Basi zimebaki nane tu za kuogopa, daktari. Kaa."

Mgeni mmoja akacheka. Wa pili akamfuata. Mkuu wao akavaa miwani yake ili aone vizuri, akasema kwa sauti ya upole kabisa, "Kaa basi, daktari. Kuna shida gani?"

Daktari Asilimia alitaka kucheka pamoja nao, lakini mkono wake ulikwisha kupanda wenyewe ukaifunika shingo. Alisema jambo la usafi. Akasema jambo la taratibu za hospitali. Akasema suala si imani, suala ni takwimu. Alikuwa anarudi nyuma huku anasema, hadi kisogo chake kikaugusa ule mstari mwekundu. Sijui kama nimewahi kufurahi vile maishani mwangu. Nilikuwa nimempata.

Halafu mume wangu akasimama.

Nilikuwa nimemsahau, nasema ukweli. Nilikuwa nimeshughulika na daktari nikasahau kwamba wembe ule ulikuwa na mwenyewe. Alikuja mezani pole pole, akauchukua wembe, akajaribu kuufungua kwenye karatasi yake. Karatasi ikamshinda. Akaichana, wembe ukaanguka. Akauokota kwa shida, kwa kuupapasa mezani, akachukua kishikio kwa mkono wa pili, akaanza kuupachika. Vile vitu viwili vilikutana na kuachana, vikagongana, vikalia kama vijiko kwenye kikombe. Hakuna aliyecheka tena. Mtu aliyekuwa anapachika wembe macho yakiwa kwa mteja! Mama mkwe akainamisha kichwa, akatazama viatu vyake. Mume wangu akajaribu tena. Akajaribu mara nyingine. Kisha akaviweka vyote juu ya kitambaa, vizuri, kwa utaratibu wake wa siku zote, akawageukia wale wageni.

"Mimi mwenyewe nisingekaa," akasema.

Akaunyoosha mkono wake mbele yao.

"Daktari hana kosa kuogopa. Mkono huu haufai." Akasubiri maneno yamfikie. "Ile sauti, mwanzo, ilikuwa inanong'ona. Nilinyoa nayo muda mrefu, hakuna mtu aliyejua. Sauti ikinong'ona, ninanyoa. Mkono ukitetemeka, sinyoi. Nipunguzieni mpaka nishike wembe. Ikirudi kunong'ona, nitaibeba."

"Na ikirudi kupiga kelele?" Daktari Asilimia akauliza, na safari hii, nampa haki yake, alimtazama yeye.

"Nitakuja kusema."

Mkuu wa wageni akavua miwani. "Jambo hili linawezekana, daktari?"

Ikawezekana. Jambo ambalo lilikuwa haliwezekani miezi yote ile liliwezekana kabla chai ya wageni haijapoa. Daktari Asilimia alipunguza dawa pale pale, akaandika kwa mwandiko mzuri, akaeleza kwa maneno marefu kwamba ndivyo alivyokuwa amepanga tangu mwanzo. Mimi nilikuwa nakunja kitambaa, nahisi kama nimeshinda vita.

Tulirudi nyumbani, mume wangu na mimi. Tulipofika mlangoni akasimama, akanitazama mpaka nikaona haya.

"Umenivua nguo mbele za watu," akasema.

"Nilitaka wao waone..."

"Wameona."

Akaingia ndani. Nilibaki nje na mkoba wangu. Nililia pale, sifichi, na hata nikilia bado nilijua kwamba ningefanya vile vile tena. Hakuna kitu kibaya kama kukosea na kupatia kwa siku moja.

Wiki zikapita. Mate yalikauka kwanza. Kisha siku moja nikiwa nakoroga sabuni nikasikia mtu nyuma yangu anasema kwamba ukikoroga kwa hasira namna hiyo wateja wataoga na ugomvi. Nikageuka. Alikuwa anatabasamu, na shati lake alikuwa amelifunga mwenyewe, kifungo kimoja kimeruka tundu. Sikumrekebisha. Nilitaka kupiga kelele mtaa usikie. Mikono ikatulia siku baada ya siku. Akamnyoa fundi bomba, yule yule, bure, kichwa kizima, na watu wakaja kushuhudia. Foleni ikarudi. Mwenye jengo akaanza kutusalimia kwa heshima.

Sauti nayo ikarudi. Nilimwona anavyoinamisha kichwa upande mmoja, mtu anayeambiwa jambo sikioni.

"Inanong'ona?" nikamwuliza.

"Inanong'ona."

Ilipofika siku ya kliniki, alikwenda moja kwa moja kwenye benchi, akakaa karibu na Bibi Mitihani. "Bibi," akasema, "nifundishe."

Bibi Mitihani alimfundisha kwa dodoso jipya, alikwisha kulijua lote. Nami nikawa nimekaa hapo nasikia mume wangu, asiyeweza kumdanganya hata mtu mwenye kichwa kibaya, anakariri uongo neno kwa neno.

Chumbani Daktari Asilimia alitupokea vizuri. Wageni walilipenda dodoso lao, sasa limepelekwa kliniki nyingine nyingi, na mstari wa ukutani umewekewa fremu ya kioo. Akauliza maswali. Akafika pale.

"Wiki hii umesikia sauti ambazo wengine hawazisikii?"

Mume wangu akainamisha kichwa upande mmoja. Alisikiliza. Midomo ikacheza kidogo, kama mtu anayemwambia mwenzake anyamaze. Kisha akasema, "Hapana."

Daktari Asilimia aliona. Hakuwa mjinga yule, na hilo ndilo lililonikera kuliko yote. Kalamu yake ilisimama hewani. Akiandika ndiyo, mstari unapanda mbele ya wakubwa, na itambidi aongeze dawa. Akiandika hapana, kila mtu anakwenda nyumbani ameridhika. Alinitazama mimi. Nikatazama dirishani. Akaandika sifuri.

"Safi sana," akasema. "Endelea hivyo hivyo."

Nilitoka nje nikiwa na ushindi wangu mkononi, na haukuwa na ladha. Miezi yote nimewacheka kwa kupima wasichokiona, na sasa nilikuwa nimewasaidia wasikione. Sauti ikianza kupiga kelele, dodoso litasema yuko salama. Daktari atasema yuko salama. Mama mkwe ataangalia mashavu. Naye mwenyewe aliahidi atakuja kusema, lakini aliahidi kabla hajasoma tuisheni.

Kwa hiyo sasa, kila asubuhi kabla hajafungua duka, nakaa mimi kwenye kile kiti. Nywele zangu ni fupi, zahitaji kusafishwa kisogoni na nyuma ya masikio. Ananifunga kitambaa, anapaka povu, anapachika wembe bila kuutazama. Hatusemi kwa nini tunafanya hivyo. Anajua, nami najua anajua. Nafumba macho, namsikiliza anavyopumua.

Leo wembe ulifika nyuma ya sikio la kushoto ukasimama. Nikahisi ubaridi wake pale pale, hausogei. Mume wangu alikuwa anasema na mtu, kwa sauti ya chini, na hakuwa anasema na mimi.

"Subiri," alisema. "Nimekwambia subiri, niko kazini."

Sikupumua. Nje watu walikwisha kuanza kukaa barazani, nilisikia mmoja anapiga miayo. Wembe ukakaa. Halafu ukaendelea, taratibu, ukashuka hadi mwisho, ukainuka. Akanifuta kwa taulo, akapiga poda, akasimama mbele yangu akisubiri, mkono ameuficha nyuma.

"Unaonaje?" akauliza. "Leo nifungue?"

Nilipapasa nyuma ya sikio, nikavitazama vidole vyangu kwenye mwanga wa mlango. Havikuwa na damu.

"Fungua," nikamwambia.